Mumbi wa Jumanne

Waithira alikuwa mtu wa kusoma. Akinunua mandazi yaliyofungwa kwa gazeti kuukuu, mandazi yatapoa kwanza amalize habari. Alisoma mkataba wa nyumba mpaka mwisho, akasoma maandishi madogo kwenye pakiti ya dawa ya mende, na kazini alisoma programu zake na za wenzake mstari kwa mstari hadi wenzake wakamchoka. Mimi naitwa Ndambuki, fundi wa mitandao na printa, na meza yangu iko mgongoni mwa meza yake katika ofisi yetu ya Ruiru, ghorofa ya pili juu ya duka la mabati na misumari. Nilimsikia siku moja akimuuliza mwenzake, "Huu mstari wa mia mbili na kumi, uliuandika ukiwa umelala?" Yule jamaa akaangalia, akacheka kwa aibu. Alikuwa amelala kweli.

Nasema hivi ili ujue ni mtu wa aina gani aliyeharibikiwa. Si mzembe. Wazembe ningewasema kwa furaha, na wapo wengi.

Mambo yalianza bosi wetu Kang'ethe aliporudi kutoka semina ya siku mbili katika hoteli moja Nairobi. Alirudi na mkoba mpya na injili mpya: kuna programu ya akili bandia inayoandika programu zingine, unaieleza unachotaka, inakuandikia. Baada ya miezi mitatu waandishi wa programu wawili wakawa wameambiwa kwaheri, na Waithira akabaki peke yake na kazi ya watu watatu.

"Sitaki kusikia wiki mbili tena," Kang'ethe alimwambia. "Hiyo kitu inaandika kwa dakika mbili. Wewe kazi yako ni ku-approve tu."

Tuliibandika jina Shemeji, kwa sababu ya adabu yake nyingi. Ukiiuliza jambo, inakusifu kwanza. Ukiikosoa, inakubali mara moja, inaomba msamaha, inarekebisha pale ulipoonyesha na kuvunja mahali pengine ambapo hukuangalia. Kuna siku ilimwandikia kazi yote ikitegemea kifurushi fulani cha programu, ikakitaja kwa jina na toleo lake. Waithira alikitafuta tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Hakikuwepo. Hakijawahi kuwepo. Shemeji alikibuni tu, kwa ujasiri kama wa mtu anayekuelekeza njia ya mtaa asioujua. Siku nyingine ilimkatia katikati ya kazi na kumwambia ametumia fungu lake la siku, arudi saa tano zikipita.

Miezi ya kwanza alibishana nayo. Alisoma kila kilichoandikwa, akafuta nusu, akaandika upya. Lakini Shemeji hachoki, na Waithira ni mtu, anachoka. Mistari mia nne kwa dakika mbili, mara kumi kwa siku, nani atasoma? Chini ya kila kazi kulikuwa na kitufe kimeandikwa Kubali. Mimi nilikuwa namsikia mgongoni mwangu. Zamani kimya kilikuwa kirefu kabla ya mlio wa kile kitufe. Kimya kikaanza kufupika, na sikukipenda.

Akaanza kukonda. Akaanza kushtuka simu ikilia. Siku moja tukinywa chai aliniambia kwa sauti ndogo, "Ndambuki, mtu akiniuliza hii system inafanya kazi aje, sijui. Imeandikwa kwa jina langu na siijui."

"Si uisome basi?"

"Nitaisoma lini? Nikimaliza kusoma ya jana, leo imeleta zingine tano."

Nilimtania kwamba afadhali mimi na printa, zikikwama unaona karatasi. Hakucheka. Nami nikaingiwa na hofu ambayo sikumwambia, kwa sababu nilijua anafanya kazi ya nani.

Alikuwa akifanyia kazi kliniki moja ya figo mjini Thika. Hapo wagonjwa wanakuja mara mbili kwa wiki kulazwa kwenye kiti, damu yao ipite kwenye mashine isafishwe, irudi mwilini. Mgonjwa akikosa mashine hana njia nyingine. Hata maji anapimiwa: vikombe vidogo vichache kwa siku, kwa sababu akinywa kupita hapo maji hayana pa kutokea, yanabaki mwilini. Ndizi wamekatazwa, parachichi wamekatazwa. Waithira aliandika programu ya kupanga viti: nani anakuja lini, anakaa kiti gani, na ujumbe wa simu wa kumkumbusha.

Rekodi zilikuwa zimechapwa kutoka kadi za zamani, na nyingi zilijirudia. Mgonjwa mmoja yuko mara mbili, viti viwili vinamngoja, na wengine wako nje hawana nafasi. Jumatano moja Kang'ethe akasema Alhamisi jioni jambo hilo liwe limekwisha.

Waithira akamweleza Shemeji: tafuta wagonjwa walioandikwa mara mbili, waunganishe wawe mmoja, ondoa miadi ya ziada, na umtumie mhusika ujumbe wa heshima. Kwa dakika mbili ikaja kazi nzima, pamoja na majaribio ya kuthibitisha kwamba inafanya kazi. Majaribio yote yakapita. Majina ndani ya majaribio hayo yalikuwa John Smith na Jane Doe, majina ya mfano ya Kizungu. Waithira aliyaona. Aliniambia baadaye: "Niliona John Smith. Nikasema nitarudi hapo."

Kanuni aliyoweka Shemeji ilikuwa hivi: kwa kuwa kadi nyingi hazikuwa na namba ya kitambulisho, watu wenye jina moja, tarehe moja ya kuzaliwa na namba moja ya simu ni mtu mmoja. Ukiisoma haraka unaona ina akili. Ni wapi duniani watu wawili watafanana vitu vyote vitatu?

Ni hapa. Wagikuyu wanajua, na sisi Wakamba majirani zao tunajua. Msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba yake. Mzee akiwa na wake wawili, kila mke akizaa msichana wa kwanza, wote wawili wanapewa jina hilo hilo. Basi katika boma moja kuna wasichana wawili wa jina moja na baba mmoja, na hakuna anayechanganyikiwa. Walizaliwa wakati hakuna aliyeandika tarehe, kwa hiyo walipokwenda kuchukua vitambulisho waliandikiwa tarehe moja Januari ya mwaka wa kukisia. Wakizeeka, wote wanatumia simu ya mpwa wao mmoja anayejua kusoma.

Waithira anajua haya kuliko mimi. Yeye mwenyewe ni jina la nyanya yake. Kwenye simu yake kuna Waithira Gatanga, Waithira Mrefu na Waithira wa Maziwa, wote binamu zake. Alizaliwa na kukulia Makongeni, hapo Thika, na mpaka leo analala huko. Hakuna mtu duniani aliyefaa kuikataa kanuni ile kuliko yeye, kama angeisoma.

Alhamisi saa kumi alasiri nikasikia kitufe. Kimya kabla yake hakikufika hata dakika moja. Rekodi thelathini na saba ziliunganishwa, viti vikapatikana, na Kang'ethe akatununulia soda.

Ijumaa ikapita. Jumatatu ikapita. Jumanne asubuhi simu ya Waithira ikalia, naye akaiweka kwenye spika kwa sababu alikuwa anachapa. Alikuwa Farhiya, muuguzi mkuu wa kliniki.

"Waithira, habari ya asubuhi. Nilikuwa leave, nimerudi leo. Kwa list simwoni Mumbi Ndung'u."

"Yuko. Jumatatu na Alhamisi."

"Huyo ni wa Makongeni, alikuja jana. Mimi nauliza Mumbi wa Jumanne na Ijumaa. Wa Kiandutu. Wale ni madada, baba mmoja."

Waithira aliacha kuchapa.

"Hata Ijumaa hakuwa," Farhiya akaendelea. "Nimeuliza hawa wenzangu kwa nini hawakunipigia. Wanasema jina lilikuwa limetoka, wakanyamaza. Unajua huku jina likitoka kwa list, watu hawaulizi. Wewe niambie tu ukweli. Amefariki?"

"Sijui," Waithira alisema.

Alifungua orodha ya zile thelathini na saba. Alifungua picha za kadi za zamani. Mumbi Ndung'u, tarehe moja Januari, na mwaka mmoja. Mumbi Ndung'u, tarehe moja Januari, na mwaka ule ule. Namba ya simu ile ile, ya mtu anayeitwa Emmah. Kadi moja iliandikwa kwa kalamu pembeni, "Makongeni". Nyingine, "Kiandutu". Pembe ile ya kadi haikuchapwa kwenye kompyuta kwa sababu hakukuwa na mahali pa kuichapa.

Sijui kwa nini, labda ni mazoea, alimuuliza Shemeji kama hao wawili ni mtu mmoja. Jibu likaja hapo hapo. Umesema kweli kabisa, iliandika, huenda hawa ni watu wawili tofauti, samahani kwa mkanganyiko huo, ungependa nirekebishe? Waithira aliifunga kompyuta kwa kishindo nikadhani kioo kimevunjika. Mimi nilitaka kuitupa dirishani, iende ikalale na misumari ya chini.

Simu ya Emmah ilikuwa imezimwa. Waithira alipiga mara sita.

"Mara ya mwisho kwa mashine ilikuwa Jumanne iliyopita," Farhiya alituambia kwa simu. "Leo ni wiki. Maji yanapanda mpaka kwa mapafu. Mimi naweka kiti. Nyinyi mleteni, kama yuko."

Nina pikipiki ya kubebea nyaya. Tulitoka Ruiru Waithira akiwa nyuma yangu, ameshika jaketi langu kwa ngumi mbili, na njia nzima nilimsikia akihesabu: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Akifika Jumanne anaanza upya. Nilimwambia anyamaze, niendeshe. Akanyamaza kidogo, akaanza tena. Nami nikajikuta nahesabu naye.

Kiandutu, mtaa wa mabanda hapo Thika, haiko mbali na Makongeni. Kutoka kitanda cha Waithira mpaka pale tulipoegesha pikipiki ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Mwanamke wa kwanza tuliyemkuta alikuwa anakatakata sukuma wiki ya kuuza mlangoni pa kibanda chake.

"Mama, tunatafuta Mumbi wa Ndung'u," Waithira alisema.

Yule mama hata hakusimamisha kisu. "Mumbi yupi? Wa mama mkubwa ama wa mama mdogo?"

Waithira alifumba macho. Swali hilo lilimchukua muuza sukuma muda mfupi kuliko kupumua.

"Wa huku," nikasema mimi. "Anayeenda kliniki."

"Huyo ni wa mama mdogo. Lakini haendi tena kliniki, alipona. Mlango wa tatu, wenye pazia la kijani."

Alikuwa hai. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda kwa sababu hangeweza kulala chali, uso umevimba macho yamebaki mistari miwili, miguu imejaa hadi viatu vimekataa. Kila neno lilimgharimu pumzi mbili. Mpwa wake Emmah, mwanamke wa miaka arobaini hivi, alikuwa anamsugua mgongo. Simu ya Emmah ilikuwa juu ya meza, imekufa. Stima zilikuwa zimepotea mtaa mzima tangu jana.

"Cucu," Waithira alisema, akimwita nyanya kama anavyowaita wote wa rika hilo, akapiga magoti. "Twende kliniki sasa hivi."

"Kliniki ya nini?" Mumbi akavuta pumzi. "Mimi nilipona."

"Ni homa tu imemshika tangu Jumapili usiku," Emmah akaeleza. "Kliniki wenyewe si ndio walituma message? Nilimsomea Alhamisi. Nikaiandika kwa karatasi, akasema anataka kuiweka."

Karatasi ilikuwa ndani ya Biblia. Waithira aliisoma, safari hii polepole, kila neno. Mpendwa Mumbi Ndung'u, huna tena miadi ya Jumanne na Ijumaa katika kliniki yetu. Asante kwa kuwa nasi. Tunakutakia afya njema.

"Jumapili nikasimama kanisani," Mumbi alisema. "Nikatoa ushuhuda. Watu wakalia."

Nilimtazama Waithira nikidhani atasema ukweli. "Ni makosa ya ofisi, cucu," ndilo lililotoka. Tulimbeba hadi kwenye tuktuk, Emmah upande mmoja na Waithira upande mwingine, mimi nikitangulia na pikipiki kusukuma watu watupishe.

Farhiya alikuwa mlangoni na kiti cha magurudumu. Hakutusalimu. Walimwingiza, na Waithira akasimama kwenye dirisha dogo la ukumbi kwa muda wote ule, saa nne na zaidi, akiangalia mashine inayozunguka. Nilimletea chai ikapoa mkononi mwake. Dada yake, Mumbi wa Makongeni, akafika, akaketi kwenye benchi. Wanafanana masikio tu.

"Wanaweza aje kusema mimi ni yeye?" aliniuliza. "Mama yangu na mama yake hata hawakuwa wanasalimiana."

Saa kumi Farhiya alitoka. "Amelala," alisema. "Ingekuwa kesho, tungekuwa tunaongea mengine."

Waithira alikaa chini pale pale sakafuni.

Zile rekodi zingine thelathini na sita Farhiya alizipitia kwa kadi, moja moja. Zote zilikuwa marudio ya kweli. Kang'ethe alipojua akapumua, akasema thelathini na sita kwa thelathini na saba si mbaya, wanadamu hukosea zaidi. Tangu siku hiyo Waithira anasoma kila mstari, kazi inachukua wiki mbili kama zamani, na Kang'ethe anapiga kelele. Waithira ameongeza swali moja kwenye fomu ya wagonjwa, lile la muuza sukuma: mama yako ni nani? Sijui kama atadumu ofisini. Yeye pia hajui, na kila Kang'ethe akimwita anashika kwanza ukingo wa meza.

Kang'ethe aliagiza barua ya kuomba radhi. Iliandikwa na Shemeji, na ilikuwa tamu: usumbufu wowote uliojitokeza, imani yako kwetu, huduma bora zaidi. Waithira aliipeleka Kiandutu mwenyewe, akamsomea. Mumbi alisikiliza mpaka mwisho, akaikunja.

"Ni barua nzuri," alisema. "Lakini mimi nilisimama mbele ya watu nikawaambia nimepona. Sasa wananiona nikienda kliniki, wananong'ona. Wengine wanasema nilidanganya, wengine wanasema sikuwa na imani. Jumapili na wewe utasimama."

Nilimsindikiza. Ni kanisa la mabati, viti vya plastiki, na siku hiyo lilijaa. Mchungaji alimwita, naye akasimama mbele akiwa ameshika karatasi aliyoandikia maneno yake.

"Naitwa Waithira, natoka hapa Makongeni," alisema. "Mumbi hakudanganya, na imani yake haina shida. Ni mimi nilimfuta. Kompyuta iliona Mumbi wawili wa Ndung'u, ikadhani ni mtu mmoja. Ikaniuliza kama nakubali. Nikakubali bila kusoma."

Kanisa likacheka. Si kwa ubaya, lilicheka jinsi mtu anavyocheka akisikia jambo ambalo mtoto wa nasari angelijua. Mumbi wangapi walikuwa ndani ya kanisa lile? Waithira alingoja kicheko kiishe, machozi yakimtoka, kisha akageuka na kusema, "Cucu, nisamehe."

Mumbi alikuwa kiti cha mbele, pembeni ya dada yake. Yeye hakuwa amecheka.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini nataka ujue. Ile Alhamisi niliposomewa, nilichukua kikombe kikubwa, nikakijaza maji, nikanywa yote. Miaka mitatu sikuwa nimekunywa kikombe kizima kama kile. Nikaongeza kingine. Sijawahi kusikia maji matamu hivyo."

Mchungaji akakohoa, akatangaza wimbo.